Funguo za Pepo Zimo Mikononi mwa Nani?

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, darasa ilipokwisha na watu wakitafuta viatu vyao, kijana mmoja katika wanafunzi wetu alisimama akauliza suala. Alisema: "Mashekhe zangu, mama yangu alilala hospitali miezi mitatu kabla ya kufariki. Sisi wanawe tulikwenda saa za kuzuru wagonjwa, kisha tukarudi majumbani kwetu. Aliyekuwa akimwosha, na kumgeuza ubavu, na kuamka usiku kumpa maji, ni muuguzi mmoja mwanamke wa bara, naye ni Mkristo. Jee, mtu yule ni wa Peponi au ni wa Motoni?"

Mzee mmoja alimjibu papo hapo: "Wa Motoni, mwanangu. Hilo nalo lataka kuulizwa?" Na mwengine, aliyekuwa karibu na mlango, akasema: "Watu wema wote ni wa Peponi; dini zote ni njia moja." Kijana hakumjibu huyu wala yule. Aliinamisha kichwa akatoka. Nasi tulinyamaza, kwani suala lilikuwa kubwa kuliko wakati uliobaki. Lakini suala la namna hii halizikwi kwa kunyamaza. Twajua wako wengi mjini wanaolichukua moyoni na hawana wa kumuuliza; kwa hivyo tumeona yatupasa kulijibu hapa.

Kwanza twasema kwamba majibu yote mawili yalikuwa mepesi mno. Wa kwanza alimfungia Pepo mtu asiyemjua hata jina. Wa pili aliwafungulia watu wote kwa idhini ambayo hakupewa na yeyote. Wote wawili walishika funguo zisizokuwa zao.

Sisi hatufichi itikadi yetu. Qur'ani yabainisha katika Suratu Aali Imran, aya ya 85, kwamba mwenye kutaka dini isiyokuwa Uislamu haitakubaliwa kwake. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 48, kwamba Mwenyezi Mungu hasamehe kushirikishwa, na husamehe yasiyokuwa hayo kwa amtakaye. Haya ni misingi ya dini, wala haifai kuyapunguza ili kumfurahisha jirani, au ili tuonekane kuwa ni watu wa kisasa. Lakini Qur'ani hiyo hiyo yatujuvya, katika Suratul Israa, aya ya 15, kwamba Mola wetu hawaadhibu watu mpaka awapelekee mjumbe. Na katika Suratul Kahf, aya ya 49, kwamba hamdhulumu yeyote. Mwenye kuzishika zile za kwanza akaziacha hizi za pili, na mwenye kuzishika hizi akaziacha zile, wote wawili wameisoma nusu ya barua.

Pana tafauti baina ya kuihukumu itikadi na kumhukumu mtu kwa jina lake. Kusema kwamba ukafiri humtia mtu Motoni ni ilimu tuliyofundishwa. Kusema kwamba mwanamke fulani, binti wa fulani, ni wa Motoni, naye yu hai na mlango wa toba u wazi, ni kudai ilimu ya ghaibu.

Na tahadhari hii si kwa wasiokuwa Waislamu tu. Sahaba Uthman bin Madh'un alikuwa katika waliosilimu mwanzo. Alihajiri Uhabeshi, akahajiri Madina, akapigana Badr. Alipofika Madina, Ansari walipiga kura nani atamkaribisha nani, naye akaangukia nyumba ya Ummul Alaa. Akaugua kwao, wakamuuguza mpaka akafa. Ummul Alaa akashuhudia mbele ya maiti kwamba Mwenyezi Mungu amekwisha kumtukuza. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamuuliza amejuaje; akasema kwamba yeye amtarajia Uthman kheri, lakini yeye mwenyewe, naye ni Mtume, hajui atakalofanyiwa. Bibi yule akaapa kwamba baada ya siku ile hatamsafia mtu yeyote. Hadithi hii imo katika Bukhari. Ikiwa mtu wa Badr, aliyefia mikononi mwa aliyemuuguza, hakutolewa shahada ya Pepo kwa kauli ya mpenzi wake, sisi twapata wapi ujasiri wa kuketi barazani, kahawa mkononi, tukawagawia watu makao ya akhera?

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), naye ni katika wanavyuoni wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, alilizungumza jambo hili katika kitabu chake Faisal al-Tafriqa. Aliwatazama Wakristo wa Rumi na Waturuki wa zama zake ambao hawajasilimu, akawaweka mafungu matatu. Fungu la kwanza ni wasiopata kulisikia kabisa jina la Mtume. Hao wana udhuru. La pili ni waliojiwa na khabari zake za kweli, sifa zake na miujiza yake, nao ni jirani za Waislamu wanaochanganyika nao, kisha wakakanusha. Hao hawana udhuru. La tatu ni waliolisikia jina lake lakini wakasimuliwa, tangu utoto wao, sifa zisizokuwa zake. Hao nao, kwa rai yake, ni kama fungu la kwanza.

Labda mtu atasema: muuguzi huyu aishi kwetu, asikia adhana mara tano kwa siku, basi yumo katika fungu la pili. Nasi twamuuliza: adhana ameisikia, lakini sifa za Mtume amezisikia kwa nani, na ameziona kwa nani?

Tulimwita yule kijana faragha tukamuuliza khabari za miezi ile mitatu. Alituambia kwamba hakuna hata mmoja katika jamaa zake aliyemwambia mwanamke yule neno jema juu ya dini yetu. Lakini siku moja alimletea mgonjwa kikombe cha maji, na mmoja wa jamaa akakichukua akakimwaga mbele ya macho yake, akasema mkono ule si tohara. Muuguzi hakusema neno. Aliokota kikombe, akakiosha, akamwambia yule jamaa amtilie yeye.

Ndugu zetu, lau aliyemwaga maji yale angaliuliza kwanza, angaliambiwa kwamba hata madhehebu yake yampinga. Wanavyuoni wa Shafii wamesema kwamba mwili wa binadamu ni tohara, awe Mwislamu au asiwe. Na Mtume alimfunga Thumama bin Uthal, bwana wa Banu Hanifa, katika nguzo ya msikiti wake, naye bado ni mshirikina. Hakusema kwamba msikiti umenajisika. Alimwendea siku tatu akisema naye, kisha akaamuru afunguliwe aende zake pasi na fidia. Thumama akaenda kwenye mitende iliyokuwa karibu, akaoga, akarudi akatoa shahada. Akasema kwamba hapakuwa na uso duniani aliouchukia kuliko uso wa Mtume, na sasa ndio aupendao kuliko nyuso zote.

Thumama alikaa siku tatu karibu na Waislamu, akaona yaliyomleta katika dini. Muuguzi yule alikaa nasi miezi mitatu, akaona kikombe kikimwagwa. Basi hapa suala lageuka. Kijana aliuliza mwanamke yule ataingia wapi. Sisi twaogopa kwamba Siku ya Kiyama huenda tukaulizwa sisi: ni nani aliyesimama baina yake na mlango?

Wala tusidhani kwamba sisi tumekwisha kuingia kwa kuzaliwa katika nyumba za Waislamu. Suratun Nisaa, aya ya 123, yatuambia sisi pamoja na Watu wa Kitabu kwamba jambo hili haliendi kwa matamanio yetu wala yao. Mwenye kutenda uovu atalipwa. Tulipowasikia wengine wakisema kwamba Pepo ni yao peke yao tuliwacheka, na kumbe nasi twasema vivyo hivyo kwa ndimi zetu. Mmoja ategemea nasaba yake, hali Mtume alimwambia binti yake Fatima kwamba hatamfaa kitu mbele ya Mwenyezi Mungu. Mwengine ategemea hitima atakayosomewa na wali utakaopikwa, na huku amezuia urithi wa dada zake. Na Mtume ametufundisha, katika hadithi iliyomo katika Muslim, kwamba muflisi wa umma huu ni atakayekuja na sala na saumu na zaka, lakini huyu amemtukana na huyu amemla mali yake. Basi mema yake yagawanywe kwa aliowadhulumu mpaka yaishe, kisha atwikwe madhambi yao na kutupwa Motoni. Mtu huyo alikuwa akisali! Na lau si rehema ya Mola, hapana ambaye amali yake yatosha kumwokoa. Mtume hakujitoa hata nafsi yake katika hukumu hiyo.

Basi, ewe kijana, jawabu letu ni hili. Usimwambie mtu kwamba mwanamke yule ni wa Motoni, wala usimwambie kwamba ni wa Peponi. Hukumu yake iko kwa Aliyemuumba, naye ni Mwadilifu kuliko sisi na Mwenye kurehemu kuliko sisi. Lililo juu yako ni deni la shukurani, kwani asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Suratul Mumtahina, aya ya 8, haikukataza kuwafanyia wema wasiotupiga vita wala kututoa majumbani mwetu. Mwendee. Mchukulie zawadi. Mtake radhi kwa kile kikombe, na mwenye kukimwaga afuatane nawe ikiwa ana haya. Akikuuliza juu ya dini yako, mweleze kwa upole na ukweli. Asipokuuliza, mwache akuone.

Twajua jawabu hili halitamtosha mwenye kutaka neno moja la kukata. Alitaka kujua mwisho wa mtu aliyempenda mama yake, nasi tumemrudishia kazi ya kufanya. Lakini hatukupewa zaidi ya hayo, na mwenye kudai kwamba amepewa zaidi aonyeshe hoja yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu mama yule aliyefariki, amwongoze aliyemuuguza, na atusamehe sisi tuliokuwa pazia mbele ya nuru yake. Amin.