Majina Yaliyoandikwa Ukutani

Somo: Luka 10:17–20



Wale wanafunzi sabini waliporudi kutoka safari yao, walijaa furaha kwa kuwa hata pepo waliwatii. Bwana hakuwakataza kufuráhi, bali aliihamisha furaha yao mahali pengine: wafurahi kwa sababu majina yao yameandikwa mbinguni. Neno hili tumelikumbuka kwa ajili ya khabari za kuta fulani za mawe, zilizo mbali sana nasi, katika nchi ya Armenia.

Waarmenia ni watu wa kale katika imani. Masimulizi yao husema ya kuwa mfalme wao Trdat alimtupa Gregori shimoni, akakaa humo miaka 13, na baadaye mfalme yule yule akabatizwa kwa mkono wake, mwaka 301. Shimo hilo laonyeshwa hata leo pale Khor Virap, mbele ya mlima Ararat, na mgeni hushuka humo kwa ngazi ya chuma. Basi nchi yao imejaa makanisa ya mawe na nyumba za watawa, tena misalaba iliyochongwa katika mawe yaliyosimamishwa wima, iitwayo khachkari. Nayo husemwa kwamba hakuna miwili iliyo sawa.

Sasa watu wengi huenda kuyatazama mahali hapo. Na wengine, wakiisha kutazama, huandika. Mmoja hutumia msumari, wa pili kisu, wa tatu rangi ya kupuliza. Huandika jina la kijana na la msichana, na mwaka, na mji walikotoka. Huko Ani, mji mkuu wa Waarmenia wa zamani, ambao leo umo katika nchi ya Uturuki kando ya mto uitwao Akhurian, liko kanisa alilolijenga mfanya biashara Tigran Honents, likamalizika mwaka 1215. Ndani yake kuta zilipakwa picha za watakatifu na za maisha ya Mwokozi wetu. Leo nyuso nyingi katika picha hizo zimekwanguliwa, na majina ya wapita njia yamechimbwa juu ya mavazi yao. Majina hayo si ya lugha moja, hata taifa moja lipate kumnyoshea mwenzake kidole.

Tena jiwe lenyewe halijilindi. Mengi katika makanisa hayo yamejengwa kwa tufu, jiwe lililotokana na majivu ya milima ya moto. Ni jiwe jepesi, jororo, lenye rangi nzuri, nalo lilipendwa na mafundi kwa sababu hiyo. Lakini lililo jororo kwa patasi ya fundi ni jororo pia kwa kisu cha mpuuzi. Na jina likiisha kuchimbwa, haliondoki ila kwa kukwangua jiwe lenyewe. Hivyo mwenye kusafisha naye hana budi kuharibu kidogo.

Labda msomaji atatuuliza: Mbona kuta hizo zilikuwa na majina tangu zamani? Swali hili ni la haki, wala hatutaki kulipita upesi. Ni kweli, kuta za makanisa ya Armenia zimeandikwa kama kurasa za kitabu. Tigran Honents mwenyewe aliamuru maneno mengi yachongwe ukutani kwa nje, yakitaja jina lake na mali alizolipa kanisa. Na mahali pengine ni vivyo hivyo: fulani ametoa shamba la mizabibu, fulani ametoa kinu, na watawa wameahidi kumsomea misa siku kadha wa kadha kila mwaka. Mara nyingi mwisho wake ni laana juu ya mtu atakayeivunja ahadi, kwamba ahukumiwe na wale mababa 318 wa mkutano wa Nikea. (Sisi tuliofundishwa katika Kanisa la Kilutheri hatuungami misa za kuwaombea wafu; lakini twaweza kumwelewa mtu aliyeogopa kusahauliwa.)

Hata ile misalaba midogo midogo, inayochukuliwa kuwa kazi ya wasafiri wasio na adabu, inayo khabari yake. Katika Kanisa la Kaburi Takatifu huko Yerusalemu, kiko kikanisa cha Helena, kilicho mikononi mwa Waarmenia, ambacho kuta zake zimejaa misalaba ya namna hiyo. Watu walidhani kwamba kila msafiri alichonga wake. Kumbe, wataalamu walioichunguza katika miaka hii yetu waliona mingi imefanana kwa kina na kwa mkono, wakadhani kwamba ilichongwa na mafundi wachache, msafiri akiomba na fundi akichonga.

Basi tofauti ndiyo hii. Yule wa zamani alitoa kwanza, kisha akaandikwa. Aliandikwa kwa ruhusa ya wenye nyumba, na maneno yake yalikuwa ni haja: mnikumbuke katika sala. Huyu wa leo hakutoa kitu, hakumwuliza mtu, wala haombi aombewe. Asema tu, Nalikuwapo. Na mara nyingi asema hivyo juu ya herufi za yule aliyeomba, hata haja ya miaka 800 haisomeki tena.

Twasema hivi bila kujisahau sisi wenyewe. Tazameni migongo ya viti katika makanisa yetu, hasa vile vya nyuma, wanapokaa vijana wakati wa mahubiri marefu. Tusiulize ni nani. Pengine ni mzee wa kanisa sasa.

Liko jambo la pili, nalo ni takataka. Hapa twapaswa kunena kwa upole, maana watu hawa wamepitia mambo mazito. Tangu 1920 mpaka 1991 nchi yao ilikuwa chini ya utawala wa Kisovieti, uliozipiga dini vita, na nyumba nyingi za watawa zilibaki tupu. Watu walizizoea kama magofu mazuri ya kutembelea siku ya mapumziko, pamoja na chakula na vinywaji. Kizazi kilichokua hivyo kitajuaje mara moja ya kuwa penye gofu palikuwa na madhabahu?

Tena wanayo desturi ya zamani iitwayo matagh. Mtu aliyeponywa au aliyeokoka katika hatari huchinja kondoo au jogoo, nyama ikapikwa kwa chumvi iliyobarikiwa, ikagawiwa maskini na majirani. Ni sadaka ya shukrani, na karamu yake mara nyingi huwa karibu na kanisa. Lakini karamu ikiisha, yaweza kubaki mifupa, chupa za plastiki, maganda ya matikiti na majivu. Bwana wetu naye alikaribisha watu katika majani, zaidi ya elfu tano. Na walipokwisha kushiba aliwaagiza wanafunzi wavikusanye vipande vilivyobaki, wakajaza vikapu kumi na viwili. Yeye aliyeweza kuumba mikate mingine kesho yake hakuiacha ile ya jana ilale katika majani.

Lakini takataka nyingine ni ngumu zaidi. Pale Geghard, nyumba ya watawa ambayo sehemu zake zimechongwa ndani ya mwamba mzima, iko miti iliyofungwa vitambaa, kama watu wa pwani yetu wafungavyo vitambaa vyekundu na vyeupe penye mizimu. Kila kitambaa ni haja: mtoto, afya, mume aliye mbali. Zamani walipasua ukingo wa nguo yao, ukaoza kwa mvua. Siku hizi hufunga hata karatasi laini za kujifutia na vipande vya plastiki, visivyooza.

Ndani ya mwamba huo huo, katika kikanisa chenye chemchemi, limechongwa jina la fundi, Galdzak. Alikata chumba, na nguzo, na kuba, akiondoa jiwe lisilotakiwa mpaka kanisa likatokea. Jina lake ni dogo sana katika kazi hiyo. Na nje, mtu apewaye kazi ya kusafisha husimama chini ya mti na kisu mkononi, mbele ya kitambaa cha mama asiyemjua, naye hawezi kujua kama akatacho ni taka au ni sala.