Sitara si Siri

Kiswahili kina jina la adabu kwa viungo tunavyomfunika mtoto: sehemu za siri. Mtu mzima halisikii tena jina hilo, amelizoea. Mtoto wa miaka minne bado anasikia neno lilivyo. Anaelewa kwamba mwilini mwake pana siri, na siri haisemwi. Siku moja mtu anayeaminiwa nyumbani anamgusa vibaya, kisha anamnong'oneza: hii ni siri yetu. Neno hilo si geni kwa mtoto. Sisi ndio tuliomfundisha kwanza.

Lugha hii hii ina neno jingine, sitara. Maneno haya mawili yanakaa karibu, lakini hayafanani. Kilichositiriwa kinajulikana, ila hakianikwi. Mwenyewe anakijua kwa jina na anaweza kumtajia mama au daktari. Siri ni kufunga mdomo, na mara nyingi anayeshika ufunguo wake si mtoto. Waumini wa Kakontwe, huku Katanga, wanao mfano mbele ya macho yao. Kanisani mara nyingi tabernakulo hufunikwa pazia, na kila Mkatoliki anajua kilichomo. Hakifunikwi kwa kuwa ni cha aibu. Kinafunikwa kwa kuwa ni kitakatifu.

Wazazi wengi wenye imani wanaogopa kwamba mtoto akijua mapema atajaribu mapema. Hofu hiyo isichekwe, maana ndani yake mna ukweli: maarifa yana wakati wake. Kakontwe yenyewe inalifahamu jambo hilo kwa mawe. Mawe ya chokaa ya hapa yana sifa hata miongoni mwa wanajiolojia, waliolichukua jina la mahali hapa na kuyaita kwalo matabaka ya aina hiyo hadi Zambia. Jiwe hilo likichomwa tanuruni linakuwa chokaa kali. Ukiimwagia maji ovyo, inachemka na kuunguza ngozi. Fundi hazuiwi na hilo kujenga. Anaizima kwa kipimo, kisha anapaka ukuta ukawa mweupe.

Kipimo hicho, kwa mtoto, hufuata swali na umri wake. Wa miaka minne anahitaji majina ya viungo vyote, pua na uume, goti na uke, kwa sauti ile ile. Anahitaji pia kujua nani anamwosha, na kwamba ana ruhusa ya kukataa mkono na kusema nyumbani, hata kama mwenye mkono ni mkubwa. Wa miaka saba akiuliza mtoto mchanga ametoka wapi, asiambiwe amenunuliwa hospitali. Inatosha kumwambia kwamba alikua tumboni mwa mama, na kwamba alianzia kwa baba na mama. Wa miaka kumi aelezwe mabadiliko ya mwili kabla hayajamfikia, ili msichana asidhani damu yake ya kwanza ni ugonjwa. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliandika katika Amoris laetitia, mwaka 2016, kwamba elimu ya jinsia inahitajika, na kwamba habari zije kwa wakati wake na kwa namna inayofaa umri. Huo ndio uzimaji wa chokaa.

Wala Katanga haikungoja Roma. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alianzisha harakati ya Kikatoliki iitwayo Jamaa katika miaka ya 1950 pamoja na wafanyakazi wa migodi wa Kolwezi na wake zao. Mafundisho yao, kwa Kiswahili cha huku, yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Baadaye Jamaa iligombana na maaskofu, na waliofundishwa walikuwa mume na mke, si watoto wadogo. Hata hivyo mpangilio wa maneno hayo unafikirisha. Uzazi umekaa katikati, mkono mmoja umeshikwa na uzima, wa pili na mapendo. Ukimpa mtoto uzazi peke yake, umempa habari za wanyama. Ukimpa uzima na mapendo huku uzazi umeufungia sandukuni, umemwachia shimo, na mtaa utamjazia shimo hilo kwa simu na mizaha ya vijana wakubwa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hawakutuambia tuutembeze uchi barabarani. Walitukumbusha kwamba aibu ikizidi inazuia hata baraka.

Na mzazi anayesema mambo haya hayatajwi mbele ya Mungu asikilize nyumba yake jioni. Mtoto wake anasali Salamu Maria, na ndani ya sala hiyo analitaja tumbo la mama na mzao wake, wala hakuna anayeona haya. Leo, baada ya Amina, akiuliza mtoto huingiaje tumboni, usimkemee. Mjibu kwa kipimo chake.