Nasaha kwa Wawili Wanaopika Kabalagala

Binti yangu, nimesikia kwamba Jumamosi wewe na mwenzako mtawasha jiko mpike kabalagala, zile chapati ndogo za ndizi, mziuze. Nimefurahi. Hapa Sigalame, upande wa Kenya wa mpaka, nimeona mapishi ya wawili yakijenga undugu, na nimeyaona yakiuvunja. Kwa hiyo pokea maneno haya kabla hujamenya ndizi.

Kwanza, zungumzeni mambo ya mali kabla moto haujawaka. Nani analeta nini? Zikiuzwa, pesa zitagawanywa vipi? Mali bila daftari hupotea bila habari. Usione haya kuuliza, kwani haya ya asubuhi huzaa kinyongo cha jioni. Na ukumbuke kwamba cha shambani nacho kina bei. Hapo ndipo nilipokosea mimi. Mwenzangu wa Busia ya Uganda alileta mkungu wa ndizi sukari kutoka shambani kwake, mimi nikanunua unga wa muhogo na mafuta. Tulipomaliza kuuza, nilitoa kwanza gharama yangu, kisha kilichobaki nikakigawa nusu kwa nusu. Ndizi zake sikuzihesabu, kwa kuwa hakuzinunua. Hakusema neno. Alikunja leso yake, akaniaga, akaenda zake.

Pili, elekezaneni kwa upole. Kabalagala haitaki maji wala hamira. Ndizi iliyoiva mpaka ganda limeingia madoa meusi hupondwa kwa mkono hadi ilainike kama uji mzito, kisha unga wa muhogo huongezwa kidogo kidogo mpaka donge liache kunata vidoleni. Hapo husukumwa, hukatwa kwa mdomo wa glasi, na kukaangwa kwa moto wa wastani. Moto ukizidi, sukari ya ndizi huungua upesi: nje nyeusi, ndani mbichi. Mwenzako akimimina unga kupita kiasi, usimnyang'anye bakuli. Usimwambie, "Umeharibu." Mwambie, "Dada, tuongeze ndizi moja." Neno la kwanza linamwacha peke yake na kosa, la pili linawaweka nyote wawili kwenye kazi.

Tatu, chunga mkono wako. Kuonja moja ili kujua kama imeiva ni haki ya mpishi, lakini chovya chovya humaliza buyu la asali. Kilicho kwenye sinia ni amana ya wawili. Ukitaka kumpelekea mdogo wako, omba, hata kama unajua utakubaliwa.

Nne, za kwanza kutoka kwenye mafuta msizipeleke sokoni. Mpeni mzee wa boma, mpeni jirani aliyevuta moshi wenu tangu asubuhi, wapeni watoto waliosimama mlangoni wakinusa. Zitoeni kwa mkono wa kulia, na msiwakumbushe kesho yake. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Tano, usimwite mtu wa ng'ambo ya mpaka mgeni. Hadi 1902 eneo hili letu lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na Wasamia tuko pande zote mbili za mpaka hadi leo. Kabalagala yenyewe ni chakula cha jirani zetu wa Uganda. Waliotufundisha kupika hawawezi kuwa wageni jikoni mwetu. Siku hizi maafisa wa Kenya na Uganda wanafanya kazi pamoja katika kituo kimoja pale Busia. Ikiwa serikali mbili zimeweza kukaa chini ya paa moja, nyinyi wawili hamtashindwa na jiko moja.

Sita, osheni vyombo pamoja. Anayeondoka na pesa huku sufuria ya mafuta ikingali chafu amemwachia mwenzake deni ambalo halimo daftarini.

La mwisho ndilo zito kwangu: ukikosa, omba radhi siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa. Nilisema nitakwenda wiki ijayo, kisha ile nyingine. Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa wasafiri kwa sababu ya korona. Malori ya mizigo yalivuka. Mimi na msamaha wangu tukabaki upande huu. Mpaka huo ulipofunguliwa tena, nilikwenda, pesa za ndizi nimezifunga kwenye pindo la leso. Alizipokea kwa mikono miwili, bila kuzihesabu. Akaniambia, "Dada, sikuwa nangoja pesa. Nilikuwa nakungoja wewe." Kisha akavuta kigoda, akakiweka karibu na jiko, nikaketi.

Usimngojeze mwenzako hivyo, binti yangu. Jumamosi ukifungua daftari, kabla ya unga, kabla ya mafuta, andika kwanza ndizi zake.