Mzee Kufundishwa na Kijana

Wengi wetu huku Tarime na Serengeti twaijua sauti ya litungu. Ala hiyo ya Wakuria ina nyuzi nane, na kila uzi una sauti yake moja. Gitaa lina nyuzi sita tu, lakini kila uzi hutoa sauti nyingi, kwa kadiri vidole vya mkono wa kushoto vinavyoubana mahali mbalimbali pa shingo yake.

Basi fundi wa litungu ashikapo gitaa mara ya kwanza, ncha za vidole humwuma, na uzi usiobanwa sawasawa hukwaruza. Yeye aliyezoea kusifiwa sasa achekwa na watoto. Na pengine ajuaye kumwelekeza ni kijana wa rika la mwanawe. Je, akiketi kufundishwa, heshima yake yapungua?

Sisi twasema, haipungui. Kijana na amwamkie mzee kwanza, ndipo amwonyeshe. Ngozi ya vidole hukomaa kwa majuma machache. Tena, kesho tutamtaka kijana huyo ajifunze litungu kwa mzee. Naye atakubalije kuelekezwa, kama hakuona hata mara moja mkubwa akielekezwa?