Fakhari ya Mwenye Kuzuia Maradhi

Mtu afikapo mwisho wa kazi yake huulizwa: katika uliyoyatenda, ni lipi la kujivunia? Mjenzi ataonyesha nyumba, na mfanyabiashara ataonyesha duka. Je, mtaalamu wa kuzuia maradhi ataonyesha nini? Kazi yake ni mtu asiyeugua na kaburi lisilochimbwa, na yasiyotokea hayaonyesheki.

Mtazame mama wa Kabiro, huko Kawangware, Nairobi, ambebapo mwanawe kwenda kupewa matone ya kuzuia kupooza. Uso wa mtoto ni mwororo, hauna kovu la ndui. Mama huyo hajui amshukuru nani, wala hajui kwamba yuko wa kushukuriwa.

Ndui iliua na kupofusha watu karne nyingi. Wa mwisho ulimwenguni kuipata kwa maambukizo ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Marka, pwani ya Banadir, Somalia, mnamo Oktoba 1977. Aliingia garini muda mchache kuwaonyesha njia waliochukua watoto wawili wagonjwa. Alifanya kazi hospitalini, lakini hakuwa amechanjwa, kwa kuiogopa sindano. Watu 161 waliokutana naye walitafutwa na kuangaliwa, na mji ukachanjwa nyumba kwa nyumba. Akapona, wala hapana aliyeambukizwa naye. Tarehe 8 Mei 1980 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitangaza kuwa ndui imekwisha.

Basi fakhari hiyo ni ya nani? Ya wakuu waliopanga, au ya wachanjaji waliokwenda kwa miguu juani? Asemaye “ni yangu” amewadhulumu wenziwe, na amemsahau Mwenye kuponya.

Huenda mtu akasema: asiyejivunia kazi yake atapata wapi moyo wa kuifanya? Twamjibu: kuifurahia kheri si kiburi, kiburi ni kuifanya kheri milki yako.

Tazama alivyofanya Maalin. Baada ya miaka mingi alijitolea katika vita vya kukomesha kupooza, akawasimulia wazazi wenye khofu kosa lake mwenyewe. Aibu yake aliigeuza ikawa kinga ya watoto wa watu. Mwaka 2013, akiwa katika kazi hiyo hiyo, akafa kwa malaria.

Ndugu msomaji, usiulize jina lako litaandikwa wapi. Uliza ni nani atakayelala salama kwa sababu yako, naye asikujue kamwe. Na ukiwa mzazi, mpeleke mwanao achanjwe. Hiyo ndiyo shukrani iwafaayo watu hao.