Usimwage Maji ya Mgagani

Mwanangu, kila ukija likizo unaupita mgagani uliojiotea kando ya zizi kama magugu. Sikulaumu. Una haraka, na mgagani ni mchungu.

Huo uchungu ndio nataka tuuongelee. Sehemu yake inatokana na kemikali ambazo jani linajitengenezea, zikiwemo za jamii ya fenoli. Wataalamu huziita antioksidanti, kwa kuwa huzuia chembe korofi zinazozaliwa mwilini zisiharibu seli. Hazitibu kansa, usije ukadanganywa na wauza dawa wa stendi. Ila mgagani ni chakula hasa. Jedwali la vyakula vya Afrika la FAO la mwaka 1968 linaonyesha gramu 100 za majani mabichi zina miligramu 288 za kalsiamu. Maziwa ya ng'ombe yana kama 120.

Nilipoolewa, nilitaka wakwe wasikunje uso. Nikachemsha majani hadi yakalegea, nikamwaga yale maji ya kijani, nikatia mengine, nikamwaga tena. Na magadi nikatia, yaive upesi. Mboga ikatoka haina uchungu, na faida yake nyingi imeishia jalalani. Vitamini C huyeyuka majini, na moto mrefu pamoja na magadi huimaliza. Fenoli nazo hufuata maji. Nilisifiwa, mwanangu. Ndiyo maana nilichelewa kujifunza.

Wewe chuma vichipukizi laini kabla maua hayajakomaa. Vidole vitanata na kunuka kidogo, usijali. Osha kwanza, ndipo ukate. Maji kidogo, funika, usiondoke jikoni. Vikilainika tia karanga za kutwanga au maziwa, punguza moto, acha viungane taratibu. Mafuta ya karanga husaidia mwili kupokea karotini, ile inayogeuzwa kuwa vitamini A. Na uchungu hupoa bila kumwaga kitu.

Chai isubiri. Najua unaipenda juu ya chakula, lakini tanini zake hushika madini ya chuma yasifyonzwe vizuri. Kamulia ndimu kwenye mboga, hiyo huyasaidia.

Mjukuu wangu akitema, usimpige wala usimbembeleze kwa soda. Mchanganyie na mchicha, mgagani uwe kidogo tu. Wiki nyingine ongeza kidogo.