Yatima na Mama Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyezaliwa hana baba, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zetu Waislamu! Kila uingiapo mwezi wa Ramadhani twaona hapa Mombasa mambo mawili. La kwanza ni safu za maskini milangoni mwa matajiri, wajane na wazee, wamesimama juani tangu asubuhi kungojea noti moja. La pili ni mayatima waliopangwa mstari, kila mmoja na mfuko wa unga kifuani, wapigwa picha pamoja na aliyewapa. Ukishaandama mwezi wa Shawwal, mtoaji hajui jina la mtoto hata mmoja, wala mtoto hajui kesho atakula nini.

Hatusemi haya kwa kumvunja moyo mwenye kutoa. Kutoa ni kheri, na bakhili ana hisabu yake mbele ya Mola wake. Twasema kwa kuwa tumeona kwa macho yetu madhara ya kutoa pasipo kufikiri.

Siku moja baada ya sala ya Alasiri tulikwenda Miritini kumtazama mjane mmoja. Watu wa Miritini, kama wenzao wa Jomvu na Changamwe, wengi wao riziki yao ni bandari: madereva wa malori, wapakizi, mafundi, na wanawake wauzao chakula kando ya njia. Mwaka 2017 ilifunguliwa hapo Miritini stesheni ya reli mpya, kisha mwaka 2019 makontena yakaamrishwa yende Nairobi kwa reli. Mwaka 2022 serikali mpya ilirejesha kazi ya kutoa mizigo hapa Mombasa, lakini nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kuanguka. Mume wa bibi huyu alikuwa dereva. Kazi ilimpotea, kisha maradhi yakamchukua, akaacha watoto watatu.

Tulimkuta na mtoto mmoja tu. Wawili wamechukuliwa na watu wema, wamepelekwa katika nyumba ya mayatima mji wa mbali, wapate chakula na masomo. Huwaona mara mbili kwa mwaka. Tukamwuliza: Lau watu hao wangalikupa kodi ya chumba na karo ya watoto, ungaliwatoa? Akainama, akajibu: "Sheikh, hakuna aliyeniuliza hilo."

Ndugu zetu, jawabu hilo limetunyima usingizi. Sisi wenye kusoma vitabu, tulikuwa wapi?

Yatima katika sheria yetu ni nani? Ni mtoto aliyefiwa na baba kabla hajabaleghe. Basi yatima aweza kuwa na mama yake mzima, mwenye mapenzi na akili. Na maulamaa wametufundisha kwamba haki ya kumlea mtoto mdogo, nayo ndiyo hadhana, mama ndiye wa kwanza kuistahiki. Umaskini si aibu ya kumvua mama haki hiyo. Umaskini ni deni juu yetu sisi majirani zake.

Imam Tirmidhi ametoa hadithi iliyopokewa na Abu Ayyub, radhi za Mungu zimfikie, yenye maana kwamba mwenye kumtenga mama na mwanawe, Mwenyezi Mungu atamtenga naye na wapenzi wake Siku ya Kiyama. Na hadithi hiyo imepokewa katika khabari ya mateka wa vita. Ikiwa mateka amelindiwa mwanawe, je, mama wa Kiislamu wa Miritini, ambaye kosa lake ni kukosa kodi ya miezi miwili?

Mtazameni na Mtume wetu, s.a.w. Babake alikufa kabla hajazaliwa. Naye alikuwa pamoja na mamake Amina mama huyo alipokufa. Kisha akachukuliwa na babu yake Abdul-Muttalib, kisha na ami yake Abu Talib, naye alikuwa mtu mwenye watoto wengi na mali kidogo. Tangu alipofiwa na mamake, hakutoka katika nyumba ya jamaa zake.

Na khabari ya Sayyidna Umar ni mashuhuri. Usiku alimkuta mama ametenga chungu cha maji motoni, awapumbaza watoto mpaka walale na njaa. Hakumwambia: Nipe watoto hawa. Alikwenda katika ghala, akajitwika unga mgongoni mwake mwenyewe, akawapikia, akangoja mpaka akawaona washiba na kucheza. Chakula ndicho kilichokwenda kwa watoto.

Huenda mtu akasema: Je, nyumba za mayatima zifungwe? La. Yuko mtoto asiye na mama wala jamaa, na yuko ambaye nyumbani kwao ni hatari kwake. Hawa hapana budi wapate pa kukaa. Lakini dawa ya mwisho isifanywe ya kwanza. Hata sheria ya nchi, ile ya Watoto ya mwaka 2022, imeliweka jambo hili hivyo hivyo, na ndani yake imeitambua kafala yetu ya Kiislamu: kumlea mtoto wa mwenzio nyumbani mwako, naye akabaki na jina la babake na nasaba yake, kama Kurani ilivyoamrisha katika Sura ya Al-Ahzab.

Tena wako watoto ambao katika fikhi si mayatima, na hali zao ni kama za yatima. Baba yuko jela, au ameliwa na unga wa kulevya, au ametoka nyumbani hakurudi tena wala haijulikani yu hai au amekufa. Mke wa huyo si mjane wala si mwenye mume, na watu humwogopa asije akawatia mashakani. Msimpite mlango. Yeye ni maskini, na maskini ana fungu lake katika zaka.

Basi twapendekeza mambo manne. Kila msikiti uwe na daftari la nyumba za wajane na mafakiri wa mtaa wake, liandikwe na watu watatu waaminifu, mmoja wao mwanamke. Zaka isitawanywe noti noti: ilipe kodi, ilipe karo, au impe mjane mtaji wa kukaanga mahamri na viazi. Mirathi ya yatima ifikishwe kwa Kadhi mapema, kabla ami hajaila. Na mlaji wa mali ya yatima, Sura ya An-Nisaa imekwisha mwambia kwamba ala moto. Na la nne, pasiwe na picha. Uso wa yatima si mali yetu.

Hayo hayangoji tajiri mkubwa wala mwezi wa Ramadhani. Watu kumi wa safu moja ya msikiti waweza kuisimamisha nyumba moja.

Ewe Mola wetu, turehemu sisi na mayatima wetu, urejeshe watoto kwa mama zao, wala usitutenge na tuwapendao Siku ya kukutana nawe. Amin.